Kuigiza Tanzia kwa Kuchekesha Darasani: Ushauri kwa Wanaomtaka Kaizari

Wanafunzi wanapoomba kuigeuza tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni, iwe kichekesho, walimu wengi hukataa kwa hoja kwamba kazi ya fasihi itadharauliwa, na wachache hukubali kwa sababu wamechoka na wanataka kipindi kipite. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Temeke, na kwa miaka kadhaa nimesimamia maigizo ya namna hiyo darasani. Msimamo wangu ni kwamba ruhusa itolewe kwa moyo mweupe, lakini mwalimu awe na sheria moja mkononi kabla mazoezi hayajaanza, na sheria hiyo hatuna haja ya kuiagiza mbali kwa kuwa tunayo katika utani.

Aliyewahi kukaa katika msiba wa Wazaramo walipofika watani wao Wanyamwezi anafahamu ninachokizungumzia. Mtani huigiza mwendo wa marehemu, hutaja madeni yake hadharani, hulala njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mtani huyohuyo, hata hivyo, ndiye anayeshika jembe kaburini na kuhangaika na sufuria jikoni, na kamwe hakitanii kifo chenyewe. Anachokicheka ni ubahili wa marehemu, maringo yake, ubishi wake na ahadi zake za uongo. Basi sheria ninayowapa wanafunzi wangu ni hiyohiyo: tabia za wahusika zichekwe mpaka mbavu ziume, ila msiba wao uachwe uwe msiba.

Tanzia ninayoipendekeza kwa wanaoanza ni Juliasi Kaizari ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka uleule ilipotoka tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Ipo pia tafsiri ya Macbeth iliyofanywa na S. S. Mushi, na ni kazi nzuri, lakini katika tanzia ile wanafunzi wachache hubeba maneno yote na darasa zima lililobaki hukaa kutazama. Katika Kaizari umati wa Roma ni mhusika kamili. Unamsikiliza Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, na kutaka yeye ndiye afanywe Kaizari, kisha muda mfupi baadaye unamsikiliza Antony, rafiki wa marehemu, na kukimbilia kuichoma nyumba ya Brutus huyohuyo. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini katika mkondo mmoja hapati zawadi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu hata mwanafunzi mwenye haya ya kusema peke yake anaweza kupiga kelele akiwa katikati ya wenzake.

Hatua ya kwanza ya kuibadili tanzia ni kupunguza ukubwa wa kinachogombewa bila kupunguza hata chembe ukali wa wanaokigombea. Wanafunzi wakiachwa wenyewe hufanya kinyume: huiacha Roma na taji lake vilevile, kisha huwafanya wahusika kuwa mapunguani wanaojikwaa na kudondosha mapanga, na baada ya dakika tano hadhira imeshachoka. Toleo lililotufaa zaidi liliihamisha Roma mpaka kwenye kamati ya harusi, jambo ambalo kila mtoto wa Dar es Salaam analifahamu, kwa kuwa amewaona wazazi wake wakienda kwenye vikao vya Jumapili jioni, wakiandika ahadi, na wakinuniana kwa sababu ya nafasi katika kamati ndogo ya vinywaji. Kaizari akawa mwenyekiti wa kamati. Taji analopewa mara tatu na kulikataa mara tatu, kila mara kwa kusitasita zaidi kama Casca, mmoja wa wala njama, anavyosimulia, likawa cheo cha mwenyekiti wa kudumu wa kamati zote za mtaa. Cassius, mchochezi wa njama, ambaye Kaizari wa Shakespeare anamhofia kwa wembamba wake na sura yake ya njaa, akawa mjumbe aliyeenguliwa kwenye kamati ndogo ya chakula. Brutus alibaki alivyo, yaani mtu mwadilifu kweli, na tukampa kazi ya mweka hazina ili atende uovu wake kwa imani thabiti kwamba anailinda michango ya watu.

Mfumo huo ukishasimama, matukio mengine hujipanga yenyewe. Mtabiri anayemwonya Kaizari ajihadhari na tarehe 15 Machi anaweza kuwa babu anayekaa nje ya ukumbi, ambaye kila mjumbe humpita haraka akidhani anaomba hela. Calphurnia, anayemsihi mumewe asitoke kwa ajili ya ndoto mbaya aliyoota, sisi tulimfanya anyamaze kabisa: kila Kaizari alipokaribia mlango, mkewe alirudi amevaa kanga nyingine, na msimulizi akayasoma kwa sauti maneno ya kanga hiyo kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Kanga zilitoka nyumbani kwa wanafunzi, na kazi ya kuchagua zenye maneno yanayofaa iliwafundisha kuhusu fumbo na kejeli kuliko maelezo yangu ya ubaoni.

Mauaji ndiyo mahali ambapo walimu huingiwa na hofu, na ni haki yao. Katika toleo letu wajumbe hawakumgusa Kaizari. Mmoja baada ya mwingine alisimama akatamka kwamba anaunga mkono hoja, na wa mwisho, Brutus, ambaye ndiye admini, akamwondoa mwenyekiti kwenye kundi la WhatsApp. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo tuliitengeneza ya boksi, kubwa kama mlango wa kabati, na maandishi yake yakasomeka hadi dawati la nyuma. Kaizari alisoma taarifa ya kuondolewa kwake, akauliza kwa sauti ya chini, "Hata wewe, Brutus?" na akaanguka juu ya meza. Darasa lilicheka sana, na lilicheka kwa sababu kijana yule alianguka kama mtu anayekufa kweli.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya uigizaji wa aina hii, na ningeomba mwalimu aisisitize katika kila zoezi: mhusika hatakiwi kujua kwamba anachekesha. Mwigizaji akitabasamu, akiikonyezea hadhira jicho, au akisubiri kicheko kabla ya kuendelea, kichekesho kimekwisha, kwa kuwa anayelia kwa ajili ya kuondolewa kwenye kundi anachekesha pale tu anapolia kwa dhati. Mimi huwafanyisha wanafunzi zoezi la kwanza kwa maneno ya tafsiri yenyewe, bila mzaha wowote, mpaka waisikie hasira ya Cassius na huzuni ya Antony, na baada ya hapo ndipo tunaingiza kamati ya harusi. Wanaoruka hatua hii hutoa mchezo wa kelele. (Wazazi wetu waliokuwa wakienda kutazama vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre watakumbuka kwamba waigizaji wazuri wa vichekesho walikuwa na nyuso kavu kuliko watu wote ukumbini.)

Hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaizari ipewe muda wa kutosha, kwa sababu ndiyo moyo wa tanzia na ndiyo pia chemchemi ya kicheko. Ufundi wake umo katika kurudiarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka sifa hiyo inageuka kuwa tusi, na mwanafunzi akiielewa mbinu hiyo hatahitaji kuongeza utani wa nje. Sisi tuliongeza kitu kimoja tu, yaani mtani, ambaye alijilaza chini mbele ya meza akadai hakuna mazishi mpaka marehemu alipe ahadi yake ya mchango. Antony alilazimika kumjibu, umati ukagawanyika, na hotuba ikapata upinzani ambao kwa Shakespeare unatoka kwa raia wenyewe. Kisha ukasomwa wasia. Katika tanzia Kaizari anamwachia kila Mrumi drakma 75, na bustani zake anaziacha ziwe za watu wote. Kwetu kila mjumbe aliachiwa soda 75, na ukumbi ukaachwa wazi mpaka alfajiri, jambo lililotosha kabisa kuwafanya watu waamue kuichoma nyumba ya mweka hazina.

Kuna vicheko ambavyo ninavikataa, na huvitaja mapema ili kusiwe na malumbano siku ya onyesho. Kaizari wa Shakespeare hasikii vizuri kwa sikio moja, na ana ugonjwa wa kuanguka. Katika darasa kubwa huenda yupo mwanafunzi mwenye kifafa, na hata asipokuwepo, maradhi si tabia. Lafudhi za makabila nazo huingia kwa urahisi mno, kwa kuwa mwigizaji asiye na la kusema hukimbilia kuongea kama Mchaga au Mmakonde, na wengine hukimbilia kumvalisha mvulana nguo za kike zilizojazwa matambara makalioni. Mtani wa kweli hutania mahali ambapo naye anaweza kutaniwa, lakini mwanafunzi anayeigiza lafudhi ya mwenzake mmoja tu darasani hana uhusiano huo. Kujiua kwa Brutus pia tulikubadili: Strato, mtumishi anayemshikia upanga katika tanzia, alimshikia simu, naye akajiondoa mwenyewe kwenye kundi. Mzimu wa Kaizari ulikuwa umeshamtokea kabla ya hapo, kwa namba mpya.

Tukio la Cinna linahitaji uangalifu wa namna yake. Cinna ni mshairi anayekamatwa na umati kwa sababu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji, na anapojieleza kwamba yeye ni mshairi tu, wanaamua wamrarue kwa ubaya wa mashairi yake. Likisomwa kijuujuu ni mzaha mtupu, na wanafunzi hulipenda. Lakini hawa ni watoto wa jiji ambalo maneno "wananchi wenye hasira kali" husomwa magazetini na kila mtu akaelewa kwamba pametajwa kijana, tuhuma ya wizi, mawe na tairi. Ninashauri tukio hili lianze kwa kuchekesha kadiri iwezekanavyo, umati ukikosoa vina na mizani kama wasahihishaji wa mtihani, kisha umati wote ukome kwa pamoja na Cinna abaki anazungumza peke yake. Mwalimu asielezee kitu hapo. Maswali yataulizwa katika kipindi kinachofuata, na kwa kawaida ndiyo maswali bora ya muhula mzima.

Kuhusu muswada, vichekesho vya hapa nchini vimezoea kubuniwa papo kwa papo, na ni vizuri kuacha nafasi hiyo, ila siyo kila mahali. Huwa ninapigia mstari kauli ambazo hakuna ruhusa ya kuzigusa, kama onyo la mtabiri, sababu za Brutus na kibwagizo cha Antony, na katikati ya kauli hizo mwigizaji yuko huru. Shakespeare mwenyewe aliwachoka wachekeshaji wanaoongeza maneno yao, na akamfanya Hamlet, mhusika wa tanzia yake nyingine, awaonye waigizaji wasiruhusu jambo hilo. Darasani wapo wanafunzi wa namna hiyo, na dawa yao ni kuwapa nafasi ya fundi viatu wa tukio la kwanza, ambaye tangu awali ameandikwa kuwa mbishi wa maneno na ambaye hatokei tena.

Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo omba vipindi viwili vinavyofuatana, na igizo lenyewe lisizidi dakika 30, kwa sababu kupanga madawati na kuyarudisha hula muda mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mashuka yanatosha kwa maleba. Ukitaka kuigiza tarehe 15 Machi yenyewe, kumbuka kwamba masika huanza kubisha hodi siku hizo, na mvua ikipiga mabati hakuna Antony atakayesikika.

Wanafunzi wataomba kumalizia kwa singeli, na walimu wenzako watasema hiyo sasa ni kuvuka mpaka. Waambie kwamba Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi, aliitazama tanzia ya Kaizari mjini London tarehe 21 Septemba 1599, tanzia ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ndiyo hii ya Shakespeare, na akaandika kwamba mchezo ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma kwa ustadi mkubwa, wawili wakiwa wamevaa kiume na wawili wamevaa kike. Wape dakika mbili za singeli, Kaizari naye ainuke acheze, na mlango ufungwe vizuri, maana mwalimu wa Hisabati wa darasa la jirani ana haki zake.