Mwenyeji wa Tanga humfungi kwa nguvu

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza: "Unakwenda kucheza mechi na mwenyeji kwenye uwanja wake. Unajiandaa vipi usije ukashindwa hata kabla ya kuanza?" Wengi watajibu kwa soka. Mimi najibu kwa tenisi ya ridhaa, na kwa viwanja vya Tanga. Mcheza kwao hutunzwa, na huku anayemtunza mwenyeji ni uwanja wenyewe: upepo anaujua, nyufa anazijua, mipira ni yake, wavu kaufunga yeye. Mkono wake mara nyingi ni wa kawaida tu. Kwa hiyo mgeni ana kazi mbili: kuutumia vizuri muda wa kabla ya mechi, halafu kuufanya upepo umchezee na yeye.

Fika nusu saa mapema. Kama mpinzani ni mtu mzima, shikamoo kwanza, raketi baadaye. Kisha nenda kwenye wavu. Katikati uwe na kimo cha sentimita 91.4, kwenye nguzo mita 1.07. Kama hakuna tepu ya fundi, raketi ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68.6: isimamishe, kisha laza kichwa cha raketi nyingine juu yake kwa upana. Raketi za siku hizi zina vichwa vipana, kwa hiyo ukingo wa wavu uwe chini ya hapo kwa upana wa kidole hivi. Ule mkanda wa kuvutia wavu chini katikati ukikosekana au ukilegea, kimo hakikai. Wavu ulioshuka kwa sentimita tano humfaidi mpigaji wa mipira ya kukata, ile inayopita chini chini, na huyo kwa kawaida ndiye mwenyeji. Omba ukazwe. Ombi hilo kabla ya mechi halimuudhi mtu. Ukilileta seti ya pili ukiwa nyuma 4-1 utaitwa mtu wa visingizio.

Mipira nayo ipimwe. Kopo likishafunguliwa, hewa iliyoshindiliwa ndani ya mpira huanza kutoka polepole, na baada ya wiki mbili hivi mpira umelegea hata kama haukuchezewa sana. Kanuni inataka mpira ulioachiwa kutoka sentimita 254 udunde kufikia kati ya 135 na 147, yaani zaidi ya nusu kidogo. Kwa jicho: uachie kutoka usawa wa kichwa chako juu ya saruji, mpira mzima hurudi karibu na kiuno, uliokufa huishia mapajani. Achia miwiliwili kwa pamoja. Mipira mitatu iliyochoka sawasawa inachezeka vizuri tu. Kinachoharibu mechi ni mmoja mpya kati ya miwili mizee, kwa sababu mwenyeji ataujua kwa kuugusa na ndio atakaouanzishia. Kopo jipya si kitu cha kukuta kila duka mjini hapa, basi mwulize mapema nani analeta, na ukiweza njoo na lako.

Kisha tembea uwanja mzima, hasa mita tatu za nyuma na eneo la sevu, pale mpira wa kuanzisha unapodundia. Kwenye saruji tafuta nyufa, mabaka meusi ya ukungu yanayoteleza, na mchanga uliorundikana kwenye pembe. Majani ya mkungu yafagiliwe. Jani bichi chini ya soli ni kama ganda la ndizi. Saruji iliyosuguliwa na miaka huupitisha mpira haraka na chini, wakati kiwanja cha udongo huupunguza mwendo na kuuinua. Mengine ya uso wa uwanja utayajua mkipasha mwili, ila dakika hizo tano usizimalizie kwenye fohendi, pigo la upande wa mkono wenye raketi, peke yake. Mrushie mwenzako mipira mitatu ya juu uone anaipigaje.

Sasa upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na Juni hadi Agosti huwa na nguvu zaidi; kaskazi hushika zamu Desemba hadi Machi. Viwanja vya tenisi kwa kawaida hulazwa kaskazini–kusini, jua la asubuhi na jioni lisimpige mchezaji usoni. Kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo huukata uwanja mshazari.

Ukiwa upande wa kusini ukitazama kaskazini, upepo uko mgongoni na unausukuma mpira mbele na kushoto. Ulioulenga kwenye mstari wa kushoto utatoka. Ulioulenga kwenye mstari wa kulia utarudishwa ndani, na huko kulia ndiko iliko bekihendi, pigo la upande wa pili wa mwili, ya mpinzani anayetumia mkono wa kulia. Huu ndio upande wa kushambulia. Lenga kulia bila woga, ila peleka raketi kutoka chini kwenda juu ili mpira uzunguke na kushuka mapema, kwa kuwa ukiupiga bapa kwa nguvu utavuka mstari wa nyuma.

Ukiwa kaskazini, upepo unakupiga usoni na mpira wako unakokotwa kulia. Unapungua mwendo na kuanguka mfupi, basi uinue upite juu ya wavu kwa mita moja na nusu, na ulenge kama mtu anayetaka utoke. Hautatoka. Upande wa kulia acha mita nzima ndani ya mstari. Huku usitafute pointi za haraka. Unaporusha mpira wa kuanzisha, urushe chini kuliko ulivyozoea, maana kila sentimita ya ziada hewani ni nafasi ya upepo kuuhamisha; ukihama, uache udondoke urushe upya. Kanuni inaruhusu, mradi hujaurushia raketi.

Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, basi wakati wake upepo wa mgongoni huupata ukiwa upande wa kaskazini, lakini mpira bado hukimbilia magharibi. Misimu yote miwili, kwa ujumla, bahari iko mashariki na mpira unaelekea bara. Ukuta au safu ya miti huweza kubadilisha hayo, hivyo usiangalie vilele vya minazi peke yake. Rusha majani makavu usawa wa kifua, pande zote mbili.

Hapa ndipo kura inapokuwa na thamani. Mshindi wa kura huchagua kuanzisha au kupokea, au huchagua upande. Akichagua kimoja, mwenzake anapewa kingine. Wengi huchagua kuanzisha bila kufikiri. Kukiwa na upepo mkali, chagua upande, tena ule mbaya. Mnabadilishana upande baada ya gemu ya kwanza, kisha kila baada ya mbili, kwa hiyo utateseka gemu moja tu, mwili ukiwa bado haujachemka, halafu utapata mbili mfululizo zenye upepo mgongoni, moja yako ya kuanzisha na moja yake. Mwenyeji mzoefu ataujua mtego huo mara moja. Atakuheshimu, au ataanza utani mapema.

Na mchezo wake? Anakata. Kwenye saruji laini mpira wa kukata hauruki. Unateleza na kufika usawa wa ugoko. Mgeni husubiri mpira upande hadi kiunoni, haupandi, anaishia kuupiga kwa kiwiko kilichopinda na kuuzika wavuni. Piga magoti, kichwa cha raketi kiwe chini ya mpira, upige mbele ya mguu wa mbele, na uridhike na mpira mrefu wa mshazari. Mshazari kwa sababu mbili: katikati wavu uko chini kwa zaidi ya sentimita 15 kuliko kwenye nguzo, na kutoka pembe hadi pembe unapata karibu mita moja na nusu ya ziada ya uwanja.

Silaha yake ya pili ni dropu, mpira mfupi unaofia karibu na wavu, na ukishaikimbilia anakupandishia lobu, mpira wa juu wa kukupita kichwani. Vyote viwili hutegemea upepo. Akicheza dhidi ya upepo, dropu yake husimama kama imeshikwa, lakini lobu zake hufa njiani na kukuangukia tayari kwa smashi, pigo la nguvu la kutoka juu. Kwa hiyo ukiwa na upepo mgongoni simama hatua moja ndani ya mstari wa nyuma, piga mrefu wa katikati, kisha usogee wavuni. Katikati humnyima pembe ya kukupitia. Usikumbatie wavu, mita tatu nyuma yake zinatosha kuiwahi dropu na kurudi kwa lobu. Akiwa yeye ndiye mwenye upepo mgongoni, lobu zake nyingi zitatoka zenyewe: ziache zidunde. Dropu yake itaelea mbele na kukukuta. Tulia nyuma.

Mwamuzi hakuna, na hapo ndipo urafiki huvunjika. Kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake. "Auti" itamkwe papo hapo, kwa sauti, na mkono. Mpira uliogusa mstari hata kwa unyoya ni mzuri, na ukiwa na shaka ni mzuri pia. Ukishaita auti kisha ukagundua ulikuwa ndani, sema: mara ya kwanza pointi inarudiwa, isipokuwa kama pigo lile lilikuwa la kumaliza; hapo, au ukirudia kosa hilo, pointi ni ya mwenzako. Kutembea kwenda kuonyesha alama ni mambo ya uwanja wa udongo. Kwenye saruji alama haithibitishi kitu. Watu wa benchi wasiulizwe, hata wakipiga kelele kiasi gani. Anayeanzisha ataje matokeo kabla ya kila pointi, na mkibishana rudini kwenye matokeo ya mwisho mliyokubaliana wote. Mzee akiita vibaya, "Mzee, umeuona vizuri?" inatosha. Ulize mara moja, kisha cheza. Mtu aliyeulizwa kwa adabu mbele ya watu huwa makini sana na mstari baadaye.

Unyevu wa pwani hukausha mwili huku ngozi imelowa. Kwa mechi ya saa 10 jioni kula saa 7, wali wa kiasi na samaki, si pilau la kushiba. Kunywa mafunda machache kila mnapobadilishana upande. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo kuliko inayotoka kwa jasho, na misuli ya mashavu ya miguu ndiyo huanza kulalamika seti ya tatu. Beba lita moja ya maji yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Gripu ya juu, ule utepe wa mpini wa raketi, ikilowa, badilisha; raketi inayozunguka mkononi ndiyo chanzo cha mipira mingi inayoruka uzio. Na raketi isilale kwenye buti la gari juani, joto hulegeza nyuzi.

Jambo la mwisho mkubaliane wakati wa kura: kuzama kwa jua. Seti tatu za watu wanaorudisha kila kitu hupita saa mbili, na Tanga giza haliombi ruhusa. Seti zikiwa moja kwa moja, mnaweza kuweka taibreki, yaani gemu ya kuamua, ya pointi 10, kwa tofauti ya mbili, badala ya seti ya tatu. Vinginevyo adhana ikilia simamisheni, na mwandike kwenye simu zenu wote wawili: seti, gemu, pointi, nani anaanzisha, na nani alikuwa upande upi. Kesho mnaanzia hapo hapo.