Ghala la Molekuli: Ushauri kwa Wanaoanza Kupanga Usanisi kwa Kompyuta

Anayeanza kutumia programu za kupanga usanisi wa kemikali huvutiwa kwanza na utafutaji wenyewe: anachora molekuli anayoitaka, anabonyeza, na baada ya muda mfupi anaonyeshwa mti wa mimenyuko unaoteremka kutoka molekuli lengwa hadi kwenye malighafi. Ningependa sehemu kubwa ya muda wako uitumie kwenye jambo lisilovutia macho, yaani orodha za molekuli unazoipa programu. AiZynthFinder, programu huria iliyotolewa na AstraZeneca mwaka 2020, huendelea kuvunja molekuli hadi kila kipande kilichobaki kipatikane kwenye ghala ulilochagua, yaani orodha ya molekuli zinazohesabiwa kuwa zinapatikana, au hadi muda na idadi ya hatua ulizoruhusu viishe. Programu ikikuambia kuwa njia imepatikana, inathibitisha tu kwamba vipande vya mwisho vimo ghalani. Haijathibitisha kwamba mmenyuko utafanikiwa maabara. Ghala likiwa limejazwa ovyo, utafutaji hodari kiasi gani hautaliokoa jibu.

Tuchukue klorokwini, dawa ya malaria ambayo wengi wetu bado tunaukumbuka uchungu wake. Kwa maandishi ya SMILES, mfumo wa kuandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi alioueleza David Weininger mwaka 1988, molekuli yake ni CCN(CC)CCCC(C)Nc1ccnc2cc(Cl)ccc12, na njia inayojulikana sana ya kuitengeneza huunganisha 4,7-diklorokwinolini na diamini iitwayo novoldiamini. Lakini ukiinakili kutoka kwenye orodha za dawa, mara nyingi utaikuta ikiwa chumvi ya fosfati, na mwishoni mwa maandishi pameongezwa .OP(=O)(O)O mara mbili. Ukiiingiza hivyo, programu itaichukua asidi ya fosfati kuwa sehemu ya lengo. Upande wa ghala, tatizo hugeuka: amini nyingi huuzwa zikiwa chumvi za hidrokloridi, ilhali utafutaji huomba amini tupu, na hivyo kitu kilichopo kwenye rafu huhesabiwa kuwa hakipo. Kwa hiyo ondoa chumvi pande zote mbili kwa utaratibu uleule, sawazisha chaji, kisha uhifadhi maandishi ya awali katika safu yake bila kuyagusa, kwa sababu siku ya kuagiza utahitaji kujua ni chumvi ipi hasa inayouzwa. Utaratibu wa kubakiza kipande kikubwa na kutupa vidogo unafaa kwa molekuli nyingi, ila chungulia matokeo yake: pale ambapo ioni ya pili ni kubwa kuliko molekuli unayoitaka, kitakachotupwa ni kile ulichokihitaji.

Baada ya kusafisha, kila molekuli ipewe utambulisho mmoja. Usilinganishe SMILES zilizotoka katika programu mbili kana kwamba ni maneno ya kawaida, kwa kuwa kila programu ina kanuni zake za kuamua ni maandishi yapi yawe rasmi. Zipitishe zote katika RDKit, programu huria ya kushughulikia molekuli, au chombo kingine kimoja, kisha utengeneze InChIKey, yaani ufunguo mfupi unaokokotolewa kutoka muundo wa molekuli. Ufunguo huo una herufi na alama 27. Herufi 14 za kwanza hueleza jinsi atomu zilivyoungana, na kundi la pili hubeba, pamoja na mengine, mpangilio wa atomu katika nafasi. Alanini, asidi-amino yenye maumbo mawili yanayoakisiana kama mkono wa kulia na wa kushoto (L na D), itakuonyesha vizuri: ya L ni QNAYBMKLOCPYGJ-REOHCLBHSA-N, ya D ni QNAYBMKLOCPYGJ-UWTATZPHSA-N, na ile isiyotajwa upande ni QNAYBMKLOCPYGJ-UHFFFAOYSA-N. Mwanzo ni uleule, lakini kwa ghala linalosoma ufunguo mzima hizo ni molekuli tatu. Novoldiamini nayo ina kaboni inayoweza kupangika kwa pande mbili, na klorokwini ya dawa ni mchanganyiko sawa wa pande hizo. Ghala lenye upande mmoja tu wa novoldiamini litashindwa kuitambua ile inayoombwa bila alama. Wapo wanaotatua hili kwa kulinganisha herufi 14 pekee. Mimi nashauri ulinganisho huo uwe wa kukagua kwa macho baadaye, usiwe kanuni ya ghala, kwa sababu katika dawa nyingine upande mmoja ndio unaotibu.

Katika tautoma, yaani maumbo ya molekuli yanayogeukiana kwa hidrojeni kuhama, ufunguo hukusaidia zaidi, ingawa si mara zote. 2-piridoni na 2-hidroksipiridini zina SMILES mbili tofauti lakini InChIKey moja.

Namba za CAS, yaani namba za usajili wa kemikali, zihifadhi, ila usizifanye utambulisho mkuu: klorokwini ni 54-05-7 na fosfati yake ni 50-63-5, kwa kuwa kila chumvi hupewa namba yake. Tena, ukifungua orodha katika Excel kabla ya kuitangaza safu hiyo kuwa maandishi, 54-05-7 inaweza kugeuzwa kuwa tarehe ya Mei 1954, na ukishahifadhi faili, namba ya awali imepotea.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutochanganya orodha zenye maana tofauti. Kilichomo kabatini mwenu, kinachouzwa kikiwa tayari, na kile ambacho kampuni hukitengeneza baada ya kuagizwa ni maghala matatu, na AiZynthFinder hukuruhusu kuyapa majina na kuchagua yapi yatumike. Orodha za kuagizwa zina mabilioni ya molekuli. Ukizimimina katika ghala moja na zile za kawaida, utafutaji utasimama mapema kwenye kipande kigumu na cha gharama kubwa, na utapewa njia fupi ya kupendeza ambayo kazi yake ngumu imehamishiwa kwa muuzaji. Kwa aliye Dodoma au Kisumu, hata kilicho tayari Ulaya kina gharama na vibali vya usafirishaji, hivyo bei na chanzo viandikwe kando ya kila molekuli.

Weka pia orodha ya vitu vyenye masharti. Asetiki anhidridi ni malighafi ya kawaida kabisa kwenye vitabu vya kemia, hutumika kutengeneza aspirini, lakini imo katika Jedwali la I la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya kwa sababu hutumika pia kutengeneza heroini. Usiifute ghalani, maana utapoteza njia halali. Itie alama ili njia inayoipitia ionekane mapema na ombi la kibali lianze kabla ya kazi.

Mwisho, kila faili la ghala lipewe tarehe katika jina lake, na kila njia unayoihifadhi iandikiwe ni ghala lipi lililotumika. Muuzaji akiondoa bidhaa, utaweza kuziita njia zote zilizoitegemea na kuzipima upya dhidi ya orodha ya sasa.