Maswali na majibu: Cheti cha Bara hakipandi boti

Natengeneza sabuni za mwani Paje, Zanzibar. Alama yangu ya biashara nimeisajili BRELA, wakala wa usajili wa Bara, Dar es Salaam. Kuna haja ya kuisajili tena huku?

Ipo. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado linakuja. Alama za biashara si jambo la Muungano. Bara wana Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Sisi Zanzibar tuna Sheria ya Miliki ya Viwanda, Namba 4 ya 2008, na daftari letu liko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Hata muda haulingani: kule alama hupewa miaka 7 mwanzo, kisha 10 kila ikihuishwa, huku ni 10 tangu siku ya maombi.

Hatari yenyewe haitoki kwa mgeni. Inatoka kwa yule uliyempa mzigo akuuzie Mjini. Akitangulia BPRA akaandikisha alama yako kwa jina lake, wewe ndiye utakayehangaika na kesi. Kwa hiyo katika mkataba wa usambazaji andika wazi alama ni ya nani. Na kama mkataba huna, basi hilo ndilo la kuanza nalo.

Jina la biashara nimelisajili BPRA. Si linatosha?

Halitoshi. Jina la biashara laonesha nani anafanya biashara. Alama ndiyo inayomzuia jirani asiitumie kwenye bidhaa zake. Na usiniletee "Viungo Safi" ukitaka nikulindie: kila muuza viungo wa Darajani ana haki ya kusema viungo vyake ni safi.

Naweza kuandika "karafuu za Pemba" kwenye pakiti, ingawa zimetoka kwengine?

Hapana. Huo ni udanganyifu, na unawaibia wakulima wa Wete na Mkoani.

Nafanya kazi mapokezi hotelini. Meneja anataka tutie picha za pasipoti za wageni kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Ni halali?

Dereva anahitaji jina la mgeni, saa ya ndege na idadi ya mabegi. Namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa za nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zichukuliwe kwa lengo linalojulikana na zisizidi lengo hilo.

Hoja ya mabosi naijua: kwa Zanzibar sheria ile haigusi yasiyo ya Muungano, na utalii si wa Muungano. Mimi siiamini. Uhamiaji ni wa Muungano, simu ni za Muungano, na Ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya kila mtu. Isitoshe, wakala wa Ulaya aliyewaletea wageni akisikia, atakata mkataba kabla hata ya kufika mahakamani.

Mwombe meneja akuandikie amri hiyo kwa karatasi na aitie saini. Uone kama atakubali. Picha zilizokwisha tumwa, madereva wazifute leo.

Nimeimba taarab miaka mingi wala sikusajili kitu COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Haki yangu imepotea?

Haijapotea, bibi. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Usajili unakusaidia kuthibitisha na kudai mirabaha, yaani malipo kazi yako inapotumiwa. Nenda na rekodi za zamani, risiti za studio na mabango yenye jina lako.