Lalamiko la Mgeni Lina Mwenyewe: Niliyojifunza Mapokezini

Usiku mmoja, katika mwaka wangu wa kwanza mapokezini, mgeni alipiga simu saa nne kueleza kwamba kiyoyozi cha chumba chake kinavuma bila kupoza. Nilimwomba radhi, nikamwambia fundi anakuja, nikampigia fundi, kisha nikawageukia wageni waliokuwa kwenye foleni. Fundi alikuwa ghorofa nyingine akihangaika na bomba lililopasuka. Saa tano nilimkabidhi mwenzangu zamu, nikamtajia kwa mdomo mambo matano au sita, na la kiyoyozi likanitoka akilini. Asubuhi mgeni yule alishuka na mizigo yake akiwa hajalala. Mbele ya meneja hakulisema sana joto. Alichorudia ni maneno yangu: "Niliambiwa anakuja."

Tangu siku hiyo nimefanya kazi katika hoteli kadhaa, kubwa na ndogo, na bado naamini kwamba aliyelipokea lalamiko ndiye mwenyewe, na linabaki lake mpaka mgeni mwenyewe akiri kwamba limekwisha. Kumpigia fundi simu ni hatua ya kwanza tu. Andika kwenye daftari la zamu namba ya chumba, saa uliyopigiwa, tatizo lenyewe na ahadi uliyotoa, kwa sababu mwenzako anayeingia zamu hawezi kutimiza ahadi asiyoijua. Mtajie mgeni muda unaoweza kuutimiza, kama vile dakika ishirini, badala ya "sasa hivi", na muda huo ukikaribia kwisha bila fundi kufika, mpigie wewe kabla hajakupigia. Nimeona wageni wakivumilia saa nzima bila kukasirika kwa kuwa tu kila baada ya muda walikuwa wakipewa habari.

Namna ya kusikiliza nayo ina uzito wake. Sentensi inayoharibu mambo kuliko zote ni ile ya kusema kwamba hakuna mgeni mwingine aliyelalamika, maana mgeni anasikia kwamba ameitwa mwongo. Maelezo ya sababu nayo yasitangulie. Mwache amalize, rudia kwa ufupi ulichokielewa ili akusahihishe kama umekosea, kisha mwambie utakalofanya, na kama tatizo liko chumbani, nenda ukalione kwa macho yako, kwa kuwa "chumba kina harufu" ni maneno matatu yanayoweza kuwa na maana tano tofauti.

Nikianza na hiyo harufu, mara nyingi dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya kila tundu la maji machafu bomba limepindwa ili libaki na maji yanayozuia hewa ya mtaro isipande. Chumba kisipotumika kwa wiki kadhaa maji hayo hukauka, na mgeni wa kwanza kuingia hukutana na uvundo ambao manukato ya kupuliza hayawezi kuuondoa. Mimina maji ya kutosha katika tundu la sakafu, la bafu na la sinki, fungua dirisha, na harufu itakwisha. Harufu ya sigara ni jambo jingine, kwa sababu imeingia kwenye mapazia, zulia na godoro, na huwezi kuiondoa mgeni akiwa anasubiri. Mhamishe mara moja na chumba hicho kisiuzwe mpaka kioshwe.

Kiyoyozi nacho kina siri zake. Katika hoteli nyingi umeme wa chumba hukatika mgeni anapochomoa kadi ya mlango ukutani na kutoka, kwa hiyo chumba hupata joto mchana kutwa, na mgeni anaporudi huona mashine imeshindwa ilhali inahitaji muda tu. Nyingine hujizima mlango wa baraza ukiwa wazi. Muulize mgeni mambo hayo kwa upole, kama anayemsaidia wala si kama anayemhoji, na yakiwa sawa fundi aanze kwa kuangalia chujio, kwa maana chujio lililojaa vumbi huzuia hewa kupita hata mashine ikiwa nzima kabisa.

Lalamiko la maji ya moto yasiyo ya moto nalichukulia kwa uzito kuliko wenzangu wengi. Wakati mwingine chumba kiko mbali na tangi, na maji yanahitaji kuachwa yatiririke kidogo. Hilo mgeni anapaswa kuambiwa tangu anapopokelewa. Lakini maji ya uvuguvugu katika vyumba vingi kwa pamoja ni suala la afya pia. Mwezi Julai 1976, watu waliohudhuria mkutano wa wanajeshi wastaafu katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, waliugua nimonia na baadhi yao wakafa, na mwaka uliofuata wanasayansi wakambaini bakteria aliyewaua, ambaye leo anaitwa Legionella. Bakteria huyo hustawi katika maji yenye nyuzijoto kati ya 20 na 45, na ndiyo sababu mafundi hushauriwa kuhifadhi maji ya moto katika nyuzijoto 60 na kufungulia mabomba ya vyumba visivyotumika kila wiki. Mgeni anaposema maji ni ya uvuguvugu, huenda anakupa taarifa ambayo kipimo cha tangi hakijakuonyesha.

Kelele ndilo lalamiko lililonifundisha zaidi, kwa sababu mara nyingi halina fundi wa kulimaliza. Kwanza tofautisha kelele za watu na kelele za jengo. Za watu zinaanza na simu ya adabu kwenye chumba chenye makelele, bila kumtaja aliyelalamika hata kwa kudokeza, na zisipokoma ndipo msimamizi wa zamu anapanda pamoja na mlinzi. Usikimbilie kumhamisha aliyelalamika. Yeye hana kosa, na kumwambia afungashe vitu vyake usiku wa manane ni kumwadhibu. Mpe uchaguzi, na akikubali kuhama, watu wa kubeba mizigo wawe tayari mlangoni. Kelele za jengo mara nyingi zinazuilika mapema kwa kugawa vyumba kwa busara. Chumba kinachopakana na lifti kigaiwe mwisho, na vyumba viwili vyenye mlango wa kati wasipewe watu wasiojuana maadamu vingine vipo, kwa kuwa mlango ule hupitisha sauti kuliko ukuta. Nimewahi pia kupokea malalamiko ya mlango unaobamizwa usiku kucha, na siku tulipochunguza tukakuta ni kile chuma cha juu kinachoufunga mlango polepole ndicho kilicholegea. Bisibisi na dakika tano zilitosha, baada ya wiki kadhaa za kuwaomba radhi wageni.

Kuhusu kunguni, kosa kubwa ni kubishana. Mdudu mzima ana urefu wa takriban milimita tano, hujificha kwenye mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kitanda, na huletwa na mizigo katika hoteli chafu na safi bila kubagua. Mgeni akisema ameumwa, mhamishe, lakini chumba cha pili yake hakifai, kwa maana kunguni hupita kwenye nyufa na njia za nyaya. Mpeleke upande mwingine wa jengo. Jitolee kufua nguo zake kwa maji ya nyuzijoto 60 na kuzikausha kwa joto kali, kwa gharama ya hoteli. Funga chumba, kagua vya kushoto, kulia, juu na chini, na mwite mtaalamu, kwa kuwa kupuliza dawa ovyo huwatawanya.

Ugomvi wa bili huzaliwa siku ya kupokelewa. Hoteli inaposhika kiasi fulani kwenye kadi ya benki ya mgeni kama dhamana, fedha hizo hazijachukuliwa, ila mgeni hawezi kuzitumia, na benki huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuziachia. Mgeni asiyeambiwa hayo huamini ametozwa mara mbili. Mweleze anapotia saini, na siku ya kuondoka chapisha bili, ipitieni mstari kwa mstari, na mwombe aonyeshe asioutambua. Neno "mfumo ndio unasema" lisikutoke mdomoni.

Mgeni akisema ameibiwa, naomba sana mtu wa kwanza kutuhumiwa asiwe mhudumu wa vyumba kwa sababu tu ndiye aliyeingia. Kufuli nyingi za kadi huhifadhi kumbukumbu ya kadi iliyofungua mlango na saa yake. Meneja na mkuu wa ulinzi waisome kumbukumbu hiyo kabla ya mtu yeyote kutajwa, mgeni aombwe kutafuta tena akiwepo shahidi, na akitaka polisi, hoteli imsaidie kuwaita. Nimeshuhudia mhudumu mmoja, mama mtu mzima, akilia ukumbini kwa ajili ya saa iliyokutwa baadaye ndani ya soksi za mwenye saa.

Jambo la hoteli kuuza vyumba zaidi ya ilivyonavyo, ikitarajia kwamba baadhi ya watu hawatafika, mimi silipendi, lakini lipo. Likitokea, amueni mapema mchana nani atapelekwa hoteli nyingine, na asiwe mwenye watoto wala mgonjwa. Meneja amwambie yeye mwenyewe, hoteli ilipe chumba kule pamoja na usafiri, na wanaomtafuta mgeni huyo waelekezwe alipo.

Fidia iendane na hasara. Aliyekosa usingizi hafutwi machozi kwa kikapu cha matunda. Mpunguzie gharama ya usiku ule. Kampuni ya hoteli ya Ritz-Carlton inajulikana kwa kumruhusu kila mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa ajili ya mgeni mmoja bila kuomba kibali. Si kila hoteli ina uwezo huo, lakini kila hoteli inaweza kuweka kiwango, hata kidogo, ambacho mtu wa mapokezi anakijua na anaruhusiwa kukitumia saa nane za usiku meneja akiwa amelala.

Nawe unayelala hotelini, sema mapema. Lalamiko la usiku wa kwanza linaweza kukupatia chumba kingine, lakini la siku ya kuondoka linaweza kukupatia pole tu. Taja tatizo na unachotaka kifanyike, uliza jina la anayekuhudumia na saa utakayopata jibu.

Kwa meneja nina ombi moja: daftari la zamu lisomwe lote kila wiki, si la jana tu. Chumba kilicholalamikiwa mara tatu kitolewe kwenye mauzo, na fundi alale humo usiku mmoja kabla ya kukirudisha.