Kukaza Cheni ya Kijiko Kidogo Katika Udongo wa Nyanda za Juu Kusini

Wamiliki wengi wa vijiko vidogo, yaani mashine za kuchimbia za tani 2 hadi 5 zinazochimba misingi ya nyumba, mitaro ya mabomba na mashimo ya maji taka hapa Mbeya, huikumbuka cheni, yaani mkanda wa mpira au wa chuma ambao mashine hutembelea, siku inapovuka na kutoka kwenye magurudumu yake. Nimeendesha na kukodisha mashine za aina hii kwa miaka kadhaa kati ya Uyole, Tukuyu na Makambako, na maoni yangu ni kwamba huku kwetu matatizo mengi ya cheni huanzia kwenye tope ambalo opereta hakulitoa kabla ya kupima.

Cheni ya mashine hizi hukazwa kwa grisi. Ndani ya fremu kuna silinda. Grisi inapopampiwa kupitia nipeli, pistoni husukuma gurudumu la mbele na cheni hukaza, na vali inapolegezwa grisi hutoka, gurudumu likarudi nyuma. Cheni iliyolegea mno huruka meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloizungusha, na huweza kuvuka, hasa mashine inapogeuka kwenye mteremko. Hasara ya cheni iliyokaza mno huchelewa kuonekana: mashine hutembea kwa uzito, dizeli huisha haraka, beringi na sili (vizuizi vya uvujaji) za rola, yaani magurudumu madogo ya chini ya fremu, na za mota ya kutembezea huchakaa kabla ya wakati, na nyaya za chuma zilizomo ndani ya cheni ya mpira hubaki zimevutwa hata mashine ikiwa imeegeshwa. Kwa kuwa cheni iliyovuka huonekana na kila mtu, ilhali beringi inayoliwa haionekani, mafundi wengi niliofanya nao kazi hupenda kukaza kuliko inavyotakiwa, na mwenye mashine ndiye anayekuja kuagiza spea kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800.

Suala la udongo linahitaji maelezo zaidi. Rungwe hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na ukiteremka Iringa utakutana na udongo mwekundu wa mfinyanzi unaonata. Tope la namna hiyo hujaa kati ya sproketi na cheni, likachukua nafasi, na cheni hukaza pasipo mtu kugusa bomba la grisi. Aliyeikaza asubuhi mpaka kikomo cha juu, mashine ikiwa kavu na safi, mchana ataikuta kama ngozi ya ngoma. Kinyume chake pia hutokea: anayepima huku tope limejaa huona cheni imekaza vizuri, kisha mashine inapohamia kwenye kifusi kikavu tope hupukutika, na cheni ikaning'inia. Kwa hiyo masika mimi huiacha cheni upande wa kulegea, ila ndani ya vipimo vya kitabu cha mashine, na kusafisha hufanyika jioni, tope likiwa bado laini. Mwezi Juni na Julai, kwa baridi ya Njombe na Makete, tope lililolala usiku mzima huwa limeshika kiasi cha kuhitaji nondo. Anayetumia maji ya presha asielekeze mkondo moja kwa moja kwenye sili za rola.

Upimaji hufanyika kwenye ardhi tambarare na ngumu. Geuza sehemu ya juu ya mashine ielekee upande wa cheni unayotaka kupima, kandamiza ardhi kwa mgongo wa bakuli la kuchimbia, wala si kwa meno yake, mpaka cheni inyanyuke, kisha weka magogo imara chini ya fremu. Mtu yeyote asiingie chini ya mashine iliyoshikiliwa na haidroliki peke yake. Zungusha cheni mbele na nyuma ili tope lililobaki lidondoke, zima injini, halafu pima nafasi kati ya sehemu ya chini ya rola ya katikati na uso wa ndani wa cheni. Kwa vijiko vingi vidogo vyenye cheni ya mpira nafasi hiyo huwa kati ya milimita 10 na 30, lakini kila modeli ina kipimo chake, na cheni ya chuma hupimwa kwa vipimo vingine kabisa. Baadhi ya cheni za mpira zina alama ya kiungo mfano wa nane iliyolala, ambayo inatakiwa iwe juu katikati wakati wa kupima.

Katika kulegeza, vitabu vingi vinaonya kwamba vali isifunguliwe zaidi ya mzunguko mmoja. Grisi iliyomo ina presha kubwa mno: inaweza kuirusha vali au kupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana dogo kama tundu la sindano, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Simama pembeni, usiinamie tundu. Grisi isipotoka, usiongeze mizunguko. Funga vali na utembeze mashine kidogo mbele na nyuma.

Cheni mpya ya mpira hutanuka kidogo, hivyo ipimwe tena baada ya saa chache za kazi. Kama ile ya zamani inalegea kila baada ya siku moja au mbili, kagua kwanza vali na sili ya silinda, kwa sababu huenda grisi inavuja na kuendelea kupampu ni kupoteza grisi. Ikiwa gurudumu la mbele limefika mwisho wa njia yake na cheni bado inaning'inia, ya mpira haina namna ya kufupishwa, inabadilishwa. Kabla ya kununua nyingine tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kupinda, badilisha na sproketi pamoja, la sivyo cheni mpya italiwa mapema.