TV ya chogo imezima kabisa? Anza na glopu, usikimbilie transista

Transista tatu za hozontali, zile zinazosukuma picha kutoka kushoto kwenda kulia, zimeniungulia kwenye TV moja, na zote tatu hazikuwa na kosa.

TV yenyewe ilikuwa ya inchi 21, ya bibi mmoja jirani yetu huku Ng'ambo, Unguja. Aliniambia, "Mwanangu, hii kaninunulia marehemu babu yenu. Usinishauri ninunue hizo bapa, nitengenezee hii hii." Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati bara walisubiri mpaka 1994, kwa hiyo kwetu TV ya rangi ya zamani ni kitu cha ukoo. Mtu haitupi kwa sababu imezima. Mitambo ya analojia imeshafungwa, lakini ukiipa king'amuzi na zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, inaendelea na maisha.

Niliifungua, nikapima ile transista kubwa iliyo kando ya flaibeki, ile transfoma inayokuza volti za kioo, nikaikuta imepiga shoti. Nikaweka mpya, TV ikawaka na picha safi, nikairudisha. Baada ya wiki moja ikazima. Nikabadilisha tena, ikakaa siku mbili. Ya tatu haikumaliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikaanza kusema kwamba dukani wananiuzia feki, na feki kweli zipo. Mzee aliyenifundisha kazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "B plus umepima? Ni ngapi?"

Sikuwa nimepima. B plus ni ule umeme ambao pawa saplai, sehemu inayogawa umeme ndani ya TV, inaipa flaibeki na transista ya hozontali. Kwenye TV ndogo na za kati mara nyingi huwa kati ya volti 103 na 130, na bodi nyingi zimeandikwa namba hiyo kwa chapa, jirani na kapasita ya kuchujia upande wa pili wa chopa, yaani transfoma ya pawa saplai. Yangu ilikuwa imeandikwa 115. Mzee akaniambia nitoe transista, nifunge glopu ya wati 60 kutoka B plus kwenda graundi, yaani hasi, ya upande huo, kisha niwashe. Mita ikasoma 148. Transista ikipewa volti 33 za ziada kila siku, na flaibeki ikizikuza zile volti mara nyingi, haiwezi kudumu.

Aliyesababisha yote alikuwa kapasita mdogo wa maikrofaradi 47, volti 50, upande wa umeme wa moto, yaani ule uliounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani, ameegemea rezista ya simenti. Hakuwa amevimba. Ganda lake la plastiki tu lilikuwa limejikunja juu na kugeuka rangi ya chai. Miaka yote ile joto la rezista lilikuwa linamkausha ndani, na kwa kuwa yeye ndiye anayesaidia pawa saplai kujua inatoa volti ngapi, alipokauka ikawa inatoa zaidi bila kujijua. Nikaweka mwingine anayestahimili joto la nyuzi 105, si 85, nikaacha miguu yake mirefu kidogo ili asiguse rezista. Mita ikarudi 115. Kapasita huyo bei yake haifiki nauli ya daladala kwenda Darajani na kurudi.

Tangu siku hiyo siweki transista ya hozontali kwenye TV yoyote kabla sijaona B plus kwenye glopu. Usiondoe transista ukawasha pawa saplai tupu, maana nyingine zikikosa mzigo zinapandisha volti mpaka zinajiua. Glopu inakuwa ndiyo mzigo. Iwe ya zamani, yenye waya ndani. Ya LED haifai.

Glopu ya pili, ya wati 100, ifunge kwa mfululizo kwenye waya wa umeme unaoingia TV, mahali ambapo fyuzi ingekaa. Kama kuna shoti, glopu itawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na hakuna kitakacholipuka. Kama pawa saplai ni nzima, itamulika kidogo wakati kapasita kubwa inajaa, kisha itafifia. Chomoa kwanza plagi ya ile koili inayozunguka kioo, kwa sababu nayo inavuta umeme mwingi mwanzoni na itakudanganya. Naomba unielewe vizuri hapa: glopu hii inailinda bodi. Wewe haikulindi. Ukigusa umeme utapigwa vilevile.

Na hapa ndipo ninapowasihi vijana. TV inayofanya kazi ukiizima, kapasita kubwa ya maikrofaradi 220, volti 400, inajimaliza yenyewe kwa sekunde chache. TV iliyokufa ndiyo hatari zaidi. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishanyooshwa na zile dayodi nne unakuwa kama volti 325, na kama pawa saplai haianzi, hakuna kinachozitumia. Zinakaa humo. Unaweza kuchomoa waya, ukanywa chai, ukarudi zikakurusha. Mimi natumia rezista ya kilo-omu 2.2, wati 10, iliyofungwa waya mbili zenye ganda zuri. Naiweka kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde tano, kisha napima kwa mita kuhakikisha. Bisibisi usitumie, inachoma njia za bodi na cheche yake inaweza kuharibu macho. Kofia ya raba iliyo juu ya kioo nayo ina zaidi ya volti 20,000 TV inapowaka, na kioo chenyewe kinahifadhi umeme. Kama huna kazi huko, usiiguse.

Jambo jingine linalowapoteza wengi ni kwamba graundi ziko mbili. Upande wa umeme wa moto una yake, na upande wa pili, wa chesisi, una yake. Ukiweka waya mweusi wa mita kwenye bati la chesisi ukatafuta zile 325, hutaziona, na utahukumu dayodi zisizo na hatia. Ukiwa upande wa moto, waya mweusi uwe kwenye hasi ya kapasita kubwa.

Fyuzi isome kwa macho kabla ya kuibadilisha. Ikiwa kioo chake ni safi na waya umekatika katikati tu, huenda imechoka, au umeme ulirudi kwa kishindo. Ikiwa imefunikwa nyeusi au inang'aa kama kioo cha kujitazamia, kuna shoti ya kweli, na mpya utakayoweka itakwenda vilevile. Hapo pima pozista, yaani kile kiboksi chenye miguu mitatu, kwani vidonge vyake hupasuka ndani. Pima dayodi nne, kapasita kubwa, na transista ya chopa. Ukikuta transista hiyo ya chopa ndiyo imekufa, mara nyingi imeondoka na wenzake: rezista ya simenti imekatika, na transista ndogo au dayodi ya zena iliyo karibu imeguswa. Zipime zote, hata zile zinazoonekana nzima. Na ukikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara, itoe leo hii. Nimeona bodi iliyotobolewa kwa sababu hiyo.

Fyuzi nzima, 325 zipo, lakini kimya? Tafuta rezista ya kuanzishia, yenye thamani kubwa, kilo-omu 100 na kuendelea, inayotoka kwenye chanya ya kapasita kubwa. Inakatika huku rangi zake zikiwa nzuri kama mpya. Nimefufua TV nyingi kwa rezista hiyo peke yake kuliko kwa kifaa kingine chochote.

Masikio nayo yanasaidia. Ukiwasha ukasikia "vumm" fupi, ni ile koili ya kioo, na maana yake umeme umepita fyuzi. Ukisikia "tik, tik, tik", pawa saplai inajaribu kuanza na kuna kitu upande wa pili kinaizuia: transista ya hozontali, au dayodi ya B plus. Dayodi hiyo ukiibadilisha usiweke 1N4007. Chopa inafanya kazi kwa kasi kubwa mno kwa dayodi ya kawaida. Itachemka na kufa. Weka ya kasi. Na transista kama 2SD1555 ina rezista ndogo ndani kati ya miguu yake miwili, besi na emita, kwa hiyo mita ikisoma omu makumi machache hapo usiitupe ukidhani ni shoti.

Huku pwani kuna adui ambaye vitabu vya mafundi havimtaji. Mjusi anapenda joto la pawa saplai, anaingia kwa matundu ya nyuma, analala chini ya chopa, na siku moja anagusa miguu miwili kwa pamoja. Hewa ya chumvi nayo inakula vishikio vya fyuzi na lehemu ya miguu ya chopa. Ukiangalia kwa kioo cha kukuzia utaona kiduara chembamba cheusi kuzunguka mguu. Nyonya lehemu ya zamani yote, usiongeze tu mpya juu yake, kisha safisha kwa spiriti na brashi ya meno.

TV ya bibi niliiwasha kwangu jioni tatu mfululizo kabla ya kuirudisha. Masikio yangu hayasikii tena ule mlio mwembamba wa flaibeki, hezi 15,625, kwa hiyo namwita mwanangu wa miaka tisa. Anasimama mlangoni, ananiambia, "Baba, inalia." Nikajua hozontali inafanya kazi kabla kioo hakijapata joto. Nikashona kipande cha chandarua juu ya matundu ya nyuma, chandarua na si kitambaa, ili joto litoke na mjusi abaki nje, nikampelekea bibi TV yake.