Kabla hujalinyanyua Forester lako, lala kwanza chini yake

Kila masika yakimalizika na njia zikianza kukauka, hakosi kijana hapa Pemba wa kuniuliza: "Kaka, gari nilinyanyue inchi ngapi nifike Ras Kigomasha, kule ncha ya kaskazini?" Namrudishia swali: umeshalala chini yake ukaliangalia? Wengi hucheka. Mimi pia nilipoambiwa hivyo nilicheka, na kicheko kile kilinigharimu eksele.

Nilinunua Subaru Forester la zamani, gia otomatiki, nizunguke nalo Pemba mwisho wa wiki: leo ufukwe wa Vumawimbi na watoto, wiki ijayo Micheweni kwa mama mkwe. Hata mwezi haujesha nikaweka vipande vya chuma juu ya shokapu zote nne, nikapata inchi mbili. Gari likasimama kifua mbele, nikalipiga na picha. Baada ya muda raba ya eksele ya mbele kushoto ikachanika, grisi ikatapakaa ndani ya ringi nzima, na kila nikikata kona ya nyumbani nasikia tak-tak-tak. Fundi wangu wa Wete alichukua tochi akanionesha eksele inavyotoka kwenye gia na kushuka kwa mkunjo mkali hadi kwenye tairi. "Gari hujalinyanyua," akasema, "umelitegua."

Maana ukinyanyua bodi, tairi inabaki pale pale ilipo. Kinachoongezeka ni mkunjo wa viungo vya katikati, na raba iliyozeeka haiustahamili. Raba ikichanika, mchanga unaingia kwenye grisi, na hapo umeshajitengenezea msasa.

Kwa hiyo shilingi ya mwanzo ipeleke kwenye kilichochoka. Chukua chuma cha kubanjulia, utikise mikono ya chini inayoshika tairi uone bushi zake, zile raba za viungo, zilivyo. Nyanyua gari kwa jeki, ushike tairi juu na chini, uivute na kuisukuma. Ukisikia mgongano, boljoint au beringi inakuomba. Halafu pima kwa utepe kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, uandike. Baadhi ya Forester zina shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe kwa mzigo, na zikichoka gari hukaa kitako kama bibi harusi. Watu huona limekaa chini wakakimbilia kulinyanyua, kumbe shokapu za kawaida na springi mpya zinatosha kulirudisha kimo chake. Ukishafanya hayo na bado unataka zaidi, inchi moja ya springi ndefu ni bora kuliko inchi mbili za vipande vya chuma. Ukimaliza, peleka alaimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.

Sasa tairi zenyewe. Hapa ndipo ningeweka fedha nyingi kuliko popote, na ndipo wageni wa mambo haya wanapobania. Gari likiwa na 215/60 za ringi 16, ukivaa 215/65, zenye ubavu mrefu zaidi, kipenyo kinaongezeka kama milimita 21, maana yake tumbo la gari linapanda sentimita moja. Unaweza kusema sentimita moja si kitu. Lakini ni sentimita inayonyanyua hata vilivyofungwa chini kabisa, na eksele haiongezewi mkunjo wowote. Spidi ya dashibodi itakudanganya kidogo: ikisoma 50 utakuwa unakwenda karibu 52. Kabla ya kulipa, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama tairi inagusa popote.

Zinunue nne kwa pamoja. Nasisitiza hili kwa sababu mazoea yetu ni kununua moja ile iliyopasuka. Gari linalovuta tairi zote nne halitaki hivyo. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika, kwa hiyo ya mbele na ya nyuma hazizunguki sawa, na kile kifaa cha kugawa nguvu kinasuguana mchana kutwa kwenye lami kavu hadi kinaungua. Forester nyingi za zamani za otomatiki zina kijisanduku chenye maandishi FWD ndani ya boneti. Ukilazimika kutembea na spea ndogo, chomeka fyuzi pale, tairi za nyuma ziache kuvuta mpaka ufike kwa fundi. Lijue lilipo kabla ya safari, usije ukalitafuta usiku Makangale kwa mwanga wa simu.

Ardhi yetu nayo haifanani. Kwenye kinongo, ule udongo mwekundu, kilicholowa, tatizo ni utelezi: tairi zenye meno yaliyoachana husaidia, na mguu mwepesi husaidia zaidi. Kwenye mchanga, toa upepo hadi PSI 18 au 20, uwe na pampu ya kuchomeka kwenye tundu la sigara ya kuurudisha kabla hujashika lami. Ukizama usikanyage mafuta, unajichimbia kaburi. Fukua mbele ya tairi, tia makumbi ya nazi, Pemba hayakosekani. Taa ya AT OIL TEMP, ya joto la oili ya gia, ikiwaka, simama pahala salama, weka P, acha injini iungurume taratibu hadi izimike taa.

Maweni ya Micheweni ni habari nyingine kabisa. Lile jiwe la matumbawe lina makali, na linachana ubavu wa tairi, mahali ambapo hakuna kiraka. Pale usitoe upepo mwingi. Pale pia ndipo utahitaji ngao ya chini, maana injini hii imelala na sampu yake, lile bakuli la oili, haiko mbali na jiwe. Mchomeaji yeyote anaweza kukukatia bati la chuma la milimita tatu, ila simama naye. Lifungwe kwenye fremu, lisiguse sampu. Liachiwe tundu la kumwagia oili na la chujio, la sivyo kila sevisi utalifungua lote. Na liwe na matundu ya kupitisha upepo, kwa sababu bomba za ekzosi zinapita chini ya injini, na manyasi makavu yakikwama baina ya bati na bomba yanashika moto. Nikitoka kichakani huinama nikachungulia kila mara, hata nikiwa na haraka.

Keria ya juu sina mengi ya kusema. Weka vitu vyepesi, mikeka na hema. Maji na mafuta yakae ndani, chini, nyuma ya siti.

Bahari ndiyo inayoua magari yetu kuliko mashimo. Usiegeshe ufukweni bila kujua maji yako wapi. Siku za bamvua yanapanda hadi ulipodhani pakavu. Na usikubali kupuliziwa oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Kwenye bati inasaidia kweli, lakini inalainisha bushi za raba ulizonunua juzi. Kuliosha chini kwa maji yasiyo na chumvi kunatosha, mradi yafike kila pahala. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, na mchanga huviziba. Mara ya kwanza kuvizibua kwa njiti ya mshikaki, upande mmoja tu ulinitolea karibu kikombe cha mchanga wa Vumawimbi, mbichi bado, na nilikuwa sijakwenda huko wiki tatu.